Picha ya Mama wa Mungu Haitoke ku Ukuta

Mama Nabintu, muke wangu,

Mvua inanyesha hapa Kadutu tangu asubuhi, na udongo wa nyuma ya nyumba unateremuka tu. Niko peke yangu. Mutoto wako Nabintu alirudia Luvungi kwa mume wake. Nakuandikia na mukono wangu, herufi kubwa kubwa, maana masomo niliachaka mapema. Lakini unajua mwenyewe: kama ni mambo ya muti, Bukavu muzima hakuna mutu wa kunifundisha. Bikira iko ku kanisa ya Miti, ni miye nilichonga. Yosefu iko Kavumu na Mutoto ku mukono, ni miye. Wakristu wanapiga magoti mbele ya kazi yangu, na njiani wengine hata hawanisalimie.

Ni juu ya hiyo njo nilikasirika siku ulileta ile picha kwetu.

Ile mwaka serikali ilinyanganya wageni maduka, Madame wako Mugiriki wa Muhumba alifunga masanduku. Ulimufulia na kumupikia miaka mingi. Watu walitoka kule na viti, na masahani, na frigo. Weye ulikuja na kabao kamoja kamefungwa mu kitenge, na kataa kadogo ka kioo ka kuwasha na mafuta, na kamba ya sufu yenye mafundo. Nikafungua. Mama na Mutoto, rangi juu ya ubao, pua ndefu, macho makubwa.

"Huyu hana mugongo," nilisema. "Bikira wangu wa muti, mutu anaweza kumuzunguka."

"Papa Nabintu, huyu si wa kuzunguka. Ni yeye anakuangalia."

"Na frigo je? Ulishindwa kubeba frigo?"

"Frigo haiombe."

Ukatundika picha upande wa jua linatokea, kama Madame alivyozoea. Nilicheka sana: upande ule, nyuma ya ukuta, kuko choo ya jirani. Uliwasha taa tu.

Tangu pale tukawa watu wa maombi mbili mu nyumba moja. Miye ku magoti, na shapele yangu, rozari ya padiri. Weye wima, kichwa chini, kamba ku vidole: "Bwana Yesu Kristu, Mwana wa Mungu, unihurumie miye mwenye zambi." Fundo moja, pumzi moja. Tena ile ile. Miye nilimaliza shapele yote, na litania juu yake, weye ungali pale pale.

"Nimekushinda," nilikuambia.

"Ulikuwa unakimbia na nani?"

Na ile siku natengeneza mulango wa Madame, mbele hajaenda kwao, unakumbuka? Nilikuwa nalainisha mbao na rabo na kuimba Kyrie, kama tulivyoimbaka zamani kanisani, mbele misa haijakuwa ya Kiswahili. Sauti yangu ilikuwa sauti! Madame akatoka, anacheka: "Muzee, hiyo ni luga ya kwetu." Nikamukatalia. Nikamuambia ni Kilatini, padiri alitufundisha, na yeye Madame Kilatini hajui. Mugiriki, nikamufundisha Kigiriki chake! Weye ku jikoni ulijifunika mudomo na kitenge. Kisha picha ilipofika kwetu, nikauliza padiri, muzee yule mwenye ndevu, na nikamuambia maombi yako. Akasema ni kweli, ni Kigiriki, maana yake Bwana utuhurumie. Akasema zamani tulikuwa tunakula ku meza moja, wao na sisi, kisha wakubwa wakagombana, kila mutu akabeba sahani yake. Na watu wa kwanza kwenda kukaa peke yao na maombi mafupi kama yako, walikuwa mu jangwa la Misri. Afrika hii yetu! Nikapanda mulima mbio kukuletea habari.

"Madame aliniambiaka," ulisema. Ukaendelea kuchambua maharagi.

Kisha mafuta aliyokuachia Madame yakaisha, ukatia mawese mu taa. Moshi! Sura ya Mama ikaanza kuwa nyeusi, na ya Mutoto pia. Ni ule wakati serikali ilituachisha wote majina ya ubatizo turudie Uafrika wetu, otantisite waliita, na majirani wakakuja kuona. "Hata Mama wa Mungu amefanya otantisite!" walisema, wanajishika mbavu. Lakini wamama wawili hawakucheka, walipiga magoti. Wakaanza kusema ni muujiza. Miye nikasimama katikati ya nyumba: "Ni mawese! Fundi wa rangi ya muti niko hapa, nawaambia ni mawese!" Walikasirika. Katekista pia alikuja, akaangalia moshi, akaangalia taa, akashika ile kamba na vidole viwili kama mutu anashika nyoka.

"Mafundo haya ni dawa ya mufumu gani?"

"Ni ya kuomba, katekista," ulimuambia.

"Wafumu pia wanaomba."

Ile neno halikutoka mu kichwa chake. Na sasa njo linanikamata.

Walikuzika vizuri, Mama Nabintu, sikatae. Shirika lote, Wakristu wa mutaa wetu, liliimba. Sanduku nililitengeneza miye, mbao ya libuyu, ule muti mugumu, na hakuna mutu aliona musumari hata moja. Lakini kilio bado hakijaondoka. Katekista alikuja hapa jana, akakaa ku kiti chako.

"Papa Nabintu, kesho kutwa tutakuja kuondoa kilio. Tutaomba, tutakula, utarudia ku kazi. Lakini ile kitu itoke ku ukuta. Shirika haliwezi kuombea marehemu mbele ya dawa ya wafumu."

"Na isipotoka?"

"Basi hatuingie."

Unajua maana yake. Nyumba yenye kilio hakuna mutu ataleta komande ya kazi, hata ya kitanda. Siwezi kushika rabo, siwezi kupokea mugeni. Nabintu alinibembeleza kabla hajaenda: "Papa, itoe tu siku moja, kisha uirudishe. Maman hatakasirika." Nikakataa. Akalia: "Papa, kichwa yako ni libuyu!" Pengine. Aliniacha na unga wa foufou ya siku mbili, akaenda.

Lakini nikuambie juu ya nini nakataa, maana wao sikuwaambia. Tangu ulienda, kila asubuhi nasimama pale ulisimamaka. Miguu inaniuma. Nashika kamba. "Bwana Yesu Kristu, Mwana wa Mungu," hapo sauti iko muzuri. "Unihurumie miye," na kinywa kinafungika mbele ya "mwenye zambi". Mu shapele ni rahisi: utuombee sisi wakosefu. Mule najificha katikati ya watu, na siku zote kuko mubaya kunipita. Hapa hakuna mugongo wa mutu wa kujifichia. Na miye, huruma sijaombaka mutu. Hata ku hospitali, waliponifukuza ku kitanda chako saa ya wageni ilipokwisha, niligomba, sikuomba. Weye ulinivuta shati.

"Papa Nabintu," ulisema, "usiniombee miye. Ujiombee."

Nilikasirika, maana mugonjwa alikuwa weye.

Sasa waniambie niitoe, nibaki na sanamu zangu. Muzuri. Lakini zile najua kila jicho lilitoka ku patasi gani. Najua nani alinisifu, na nani alinionea wivu. Nikisimama mbele yazo, najiona miye. Huyu wa moshi sikumutengeneza. Hata mutu aliyemupaka rangi simujui. Kumebaki macho tu, na hayanisifu. Nikimutoa ku ukuta kwa sababu ya pilau ya shirika, sitamurudisha tena, najijua. Nitasema kesho, nitasema wiki ijayo, na nitakuwa nimekukimbia.

Basi kesho wakuje, wasimame inje mu matope, na picha itakuwa pale. Wakiingia, karibu kwao. Wasipoingia, kilio chako kibaki, nami nibaki ndani yake mupaka siku wataniondolea na changu.

Leo asubuhi tena nilifika mupaka pale pale. Sikudanganye, Mama Nabintu: neno "mwenye zambi" halijatoka. Lakini sijakaa.

Upumuzike mu udongo wetu. Miye ningali nimesimama.

Mume wako,
Papa Nabintu