Baba, Sahihi Uliyosomewa Khartoum ni Yangu

Baba yangu uliye mbali,

Barua imefika jana. Nimejua kuwa karatasi yenye sahihi yangu ilisomwa mbele yako mahakamani huko Khartoum, wewe umesimama kizimbani. Siamini mpaka sasa.

Unakumbuka siku ulipoileta ile mashine ya kuchapia hapa Ziwani? Ofisi yenu ya serikali ilikuwa imeitupa nyuma ya stoo, mpini umevunjika, na mkubwa wako akakwambia uiondoe, inamjazia nafasi. Mliibeba wewe na Mama kwenye gunia, mchana kweupe, majirani wakiuliza kama mmenunua cherehani. Ukaichongea mpini wa mti wa mpera. Jumamosi baada ya chakula mimi nilizungusha, wewe ukapokea karatasi, na nikiharakisha unaniambia, "Polepole, Zuhura. Wino ukikosa neno moja, tumemdanganya msomaji."

Kijigazeti chetu kilikuwa cha mambo ya mtaani: bomba limekauka, mpira umeishaje, nani kafiwa. Mpaka alipokuja yule askari wa jela. Alikaa mkekani bila kuvua kofia, akatoa karatasi aliyoificha ndani ya soksi. Yalikuwa majina ya wafungwa waliokufa kwa kipigo katika kambi aliyolinda, ambao serikali ilitangaza kuwa wamekufa kwa homa.

Mama akasema, "Baba Zuhura, hii itatuvunjia nyumba."

Ukamjibu, "Hawa nao wana mama zao, na hawajui wanao wamekufaje."

Tukachapa. Wiki haikuisha polisi wakaanza kukutafuta, ukalazimika kukimbia na koti moja. Uliponiaga ulinishika kichwa.

Tulipopata habari kwamba umeomba hifadhi Khartoum, na kwamba serikali ya hapa inataka urudishwe, wakili wako wa huko alituandikia tusihofu: mtu harudishwi kwa sababu ya siasa. Tukatulia. Kumbe walikuwa wanatafuta mlango mwingine, na mlango huo nikawafungulia mimi.

Walikuja asubuhi, Mama yuko sokoni. Inspekta wa kizungu na karani wake Mwafrika, mtu wa maneno laini. Karani akasema, "Dada, tunakamilisha faili la mzee ili arudi kwake salama. Ile mashine ilitoka wapi?"

"Ilitoka ofisini kwake," nikasema. "Lakini ilikuwa imetu..."

"Hayo hatujakuuliza. Tia sahihi hapa."

Nikatia. Baba, nilifurahi! Niliwapikia chai. Niliwaambia wakuletee salamu zangu.

Mwezi uliofuata ndipo tukasikia kwamba hutafutwi tena kwa ulichoandika. Unatafutwa kwa wizi wa mali ya serikali, na mwizi hurudishwa. Nilihisi kama nimepigwa kibao na mtu nisiyemwona. Sikumwambia Mama. Nilimtazama akijifunga leso zake mbili, akaenda mjini kwa wakili wa hapa, nami nikamfuata. Alieleza kuwa mashine ilitupwa, kuwa mkubwa wako mwenyewe alisema iondolewe, na kuwa yeye aliibeba pamoja nawe.

Wakili akamwonya, "Mama, ukikiri uliibeba, wanaweza kukushtaki na wewe."

"Andika," Mama akasema. Akabonyeza dole gumba kwenye wino kabla hajaambiwa, na karatasi ikapelekwa Khartoum.

Jana barua ya wakili wako ikaja. Nilimsomea Mama kwa sauti. Mahakama imeyakubali maelezo yake, imekataa kukurudisha, na umepewa hifadhi. Mama akapiga kigelegele kimoja kikakatika katikati, maana mimi nilikuwa nimenyamaza. Nilikuwa nimefika mahali palipoandikwa, "Maelezo ya binti wa mshtakiwa."

"Mbona huendelei?" akauliza.

Nikamwambia yote. Hakunipiga, hakulia. Akasema, "Soma mbele."

Nikasoma. Wakili anaandika kwamba walikuuliza kama unayakana maneno yangu. Anasema ulisimama ukajibu: "Siyakani. Mwanangu amesema kweli. Waliomwuliza ndio hawakutaka kusikia kweli yote."

Baba, ungeweza kusema nimelazimishwa. Ungeweza kusema mimi ni mtoto, sijui kitu. Kwa jibu lile ungeweza kurudishwa huku kwa pingu, na wewe ulilijua hilo.

Serikali imetupa notisi ya kuhama nyumba hii. Mama hajashtakiwa, lakini kila kiatu kikisikika barazani anaacha anachofanya. Tutakwenda kwa shangazi Pumwani, barua zako zije huko. Wakili anasema ukivuka mpaka kuja huku utakamatwa, kwa hiyo sijui nitakuona lini, wala kama nitakuona.

Mama anasema umekwisha kunisamehe, niache kujitesa. Mimi nataka kusikia kwako wewe. Hukunikaripia hata mbele ya hakimu. Niandikie basi, Baba, unikaripie kama unavyojua, nipate kupumua.

Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi binti yako,
Zuhura