Diski ya Kwaya Kwenye Friza ya Sato

Kigera, Musoma
2 Julai 2023

Mdogo wangu Clementi,

Bwana asifiwe. Hapo Bunda mnaendeleaje, wifi na watoto hawajambo? Na mguu wako? Sisi wazima, ni kifua tu hiki cha baridi ya ziwa.

Nina jambo limenikaa moyoni. Mwaka jana, wiki mbili kabla mama hajafariki, aliomba simu yangu arekodi maneno ya kukuachia wewe. Akanitoa nje. "Funga mlango, Debora, haya si yako." Sikuyasikiliza, Mungu shahidi. Nilitaka nikupe siku ya ibada ya kumbukumbu, Agosti 12, kule nyumbani Buswahili. Simu ilipojaa nikayahamishia kwenye ile hadi diski ya kuhifadhia nyimbo za kwaya, maana mimi ndiye naitunzaga. Sasa inalia ka-ka-ka na kompyuta ya kanisa haiioni. Nimeianika juani. Nimeizika kwenye mchele siku mbili, kama simu iliyolowa. Matrida wa sauti ya pili anasema eti niigandishe kwenye friza. Nifanyeje?

Dada yako,
Debora

Bunda
6 Julai

Dada, shikamoo. Tuko salama, mguu unakanyaga.

Usiiwashe tena, na friza hapana. Ikilia hivyo inajikwaruza ndani, kila ukiwasha inapoteza kingine. Ifunge kwa kitambaa umpe dereva wa Bunda, nitajaribu kwenye laptopu ya hapa stesheneri.

Ila usitarajie makubwa. Tangu niuze ng'ombe wa mahari ya dada Rhobi bila kumwambia mama, miaka sita hakuniitaga tena Machage, jina la babu. Ilikuwa Clementi tu, kama nesi anayeita wagonjwa. Labda amerekodi laana. Kwenye ibada sitakuja, unajua.

Mdogo wako,
Clementi

Kigera
10 Julai

Mdogo wangu, amani ya Bwana iwe kwako.

Barua yako imenikuta nimeshakosa. Niliilaza kwenye friza katikati ya sato, ndani ya mfuko wa nailoni. Nilipoitoa nikaichomeka hapo hapo, maji yanadondoka. Ikalia mara moja, ikanyamaza. Matrida hanisalimii kwa aibu. Nimempa dereva leo. Inanuka samaki, unisamehe.

Na hiyo laana: kabla ya kushika simu, mama aliniomba kitambaa chake cha kanisani akajifunga. Mtu halaani na kile kitambaa kichwani.

Dada yako,
Debora

Bunda
3 Agosti

Dada yangu, shikamoo. Kifua kimepona?

Nimekawia kwa sababu niliiacha ikauke siku nane. Halafu nikawa naiwasha dakika chache kila asubuhi, programu inakokota vipande, ikipata moto nazima. Nyimbo za kwaya zimetoka thelathini na moja, waambie.

Ya mama zimetoka sekunde kumi na moja. Mlango unafungwa. Anakohoa. Halafu: "Machage. Machage, mwanangu." Kinachofuata ni mkwaruzo mtupu, na diski haikuwaka tena.

Nakuja Buswahili tarehe 11, tufunge turubai wote. Rhobi atakuwepo? Nataka nianzie kwake. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Machage