Vibao Viwili vya Nyuma

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na watoto. Natumaini mu wazima na kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Huku tunapumua, na safari hii sisemi kwa mazoea.

Umesema watoto watakuja likizo wapande boti na babu yao. Kabla hujawafungia mabegi, soma mpaka mwisho.

Unakumbuka Baba alivyotufundisha vile vibao viwili vya chuma chini ya mkia wa boti. Mawimbi yakitoka mbele unavishusha, mkia unanyanyuka, pua inalala ikate maji. Yakitoka nyuma unavipandisha vyote, na injini unaiinua kidogo, pua ikae juu. Ukikosea hapo, pua inachimba maji na boti inageuka ubavu. Alitukaririsha mpaka tukamchoka.

Juzi boti ilijaa abiria. Baba alikuwa amenigombeza mbele yao kwa kusahau kukausha viti, nami nikanuna, nikafunga mdomo. Mimi, mliyeniita Redio kwa kutonyamaza! Tulipoizunguka rasi, mawimbi yaliyokuwa mbele yakawa nyuma. Nikangoja Baba apandishe vibao. Wapi! Wimbi likatusukuma, pua ikazama, maji yakapanda mpaka kwenye kioo, na boti ikaanza kukata kushoto yenyewe. Mama mmoja alimkumbatia mwanawe akasali kwa sauti. Nikampiga Baba kikumbo, nikashika usukani, nikapandisha vibao vyote, nikainua injini. Boti ilisitasita, halafu pua ikaibuka.

Abiria waliposhuka nilimjia juu, nikamuuliza kama alitaka kutuua. Hakufoka. Aliniuliza taratibu kwa nini safari hiyo sikusema kwamba tumeshazunguka rasi. Alisema alihisi boti imelainika, akadhani maji yametulia.

Kaka, Baba haoni. Mbele ya kioo kwake ni ukungu mtupu. Porojo zangu zote kwa abiria, “tazameni wimbi lile”, “sasa tunakata kona”, yeye alikuwa anazifuata, kidole kwenye swichi ya vibao. Nami nilidhani ananivumilia tu.

Ameniomba nisikwambie. Anasema ni miwani tu, na kwamba ukijua utamnyang'anya boti. Nilimwahidi, na sasa navunja ahadi. Inaniuma sana. Ufunguo nimeuficha. Njoo mwenyewe umpeleke kwa daktari wa macho, maana mimi hanisikii.

Yuko hapa mezani, anaamini naandika salamu. Anawasalimu wote, hasa wajukuu, na ametaka atie sahihi kwa mkono wake. Nimempa kalamu. Huo mchoro uliopita juu ya maneno yangu kuhusu ahadi ndiyo sahihi yake. Aliniuliza kama imekaa vizuri, nikamwambia imekaa vizuri.

Tunakungoja, usikawie.

Ni mimi mdogo wako,
Redio