Ribiti za Bawa la Kushoto

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje huko kwa kaka? Sisi wazima.

Ile ndege uliyoanza kuiunda ukaniachia inakaribia kuruka. Bati la bawa la kulia nimelifunga mwenyewe kwa ribiti mia nne. Mume wangu anakinga chuma kwa nyuma, kwenye mkia wa ribiti, mimi nagonga kichwa kwa nyundo ya upepo. Tarehe ishirini Juni narusha, na rubani ni mimi.

Sasa usinune. Kwenye bawa la kushoto, ulilofunga wewe, ribiti thelathini na moja zimelala upande. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ribiti iliyolala haibebi mzigo. Naomba ruhusa nizitoboe nipige mpya.

Binti yako

11 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Kifua hakijambo, ni mdomo wako tu unaoniumiza. Nimepiga bati miaka thelathini na nane, leo nikaguliwe na mtoto niliyemfundisha kushika tindo? Usiguse.

Babako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini mama naye hajambo.

Nimegusa. Nimetoboa kila kichwa katikati, nikakivunja, nikasukuma mkia nje taratibu, matundu yamebaki salama. Zote thelathini na moja. Hasira zako nitazibeba, lakini siruki na ribiti za heshima.

Nijibu hata kwa kunitukana.

Binti yako

9 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Poleni na kazi.

Barua yako niliichana. Mama yako akaiunganisha kwa gundi, akaiweka mezani kila asubuhi, mpaka nikashindwa kunywa chai.

Zile nilizipiga mwaka ule ulipoondoka nyumbani tukawa hatusemezani. Ribiti inataka watu wawili, nami nilikuwa peke yangu. Nilikibana chuma kwa paja, nikagonga kwa mkono mmoja. Nilijua zimelala. Nikapaka rangi, nikanyamaza, maana ningesema, ningelazimika kukiri kwamba nilikuhitaji. Nisamehe mwanangu.

Ila hujamaliza. Ziko thelathini na nne. Tatu zimejificha nyuma ya ubavu wa mwisho wa bawa, karibu na bawaba, huwezi kuziona bila kioo. Usirushe! Hiyo tarehe ishirini isogeze.

Nafika Jumamosi na basi la asubuhi. Mumeo apumzike. Nitakinga chuma mimi, wewe gonga, na yoyote ikilala, itoboe mbele yangu.

Babako