Ni Lako, Mgeni

Sarghund, Wakhan ya juu,
Mwezi wa kuvuna shayiri, 1931.

Mpendwa mdogo wangu Nigar,

Hujambo? Miguu bado inakusumbua? Yangu imevimba kama unga ulioumuka, lakini natembea, nashukuru Mungu. Anayeniandikia ni Khalifa, ananuna kila nikikohoa. Andika na hilo, Khalifa.

Barua yako nimesomewa yote. Unauliza kama kweli baba alikutoa.

Haya. Unamkumbuka yule mpimaji wa mipaka, na minyororo yake na darubini ya miguu mitatu? Chai ilikuwa zamu yangu kupeleka, nikakutuma wewe, maana nilikuwa na chunusi. Nisamehe. Mgeni akasifu bonde letu la malisho: "Bonde zuri hili." Baba akaweka mkono kifuani: "Ni lako, mgeni." Mgeni akakutazama wewe: "Na binti mzuri." Baba tena: "Huyo ni mjakazi wako." Sasa angejibu nini? Mtu akisifu kikombe chako si unamwambia ni chake, naye anakiacha hapo hapo! Lakini karani wa mgeni akaandika. Baba akabonyeza dole gumba kwenye daftari, akidhani ni shukrani ya chai.

Kiangazi kile nyinyi wasichana mkapanda bondeni na yaki, wale ng'ombe wetu wa manyoya, huku chini yenu watu wa mpimaji wakasimamisha nguzo za mpaka, mkabaki ng'ambo.

Baba alikufuata, Nigar. Mara tatu. Mpimaji akamfungulia daftari pale nguzoni: "Mzee, si ulisema mwenyewe?" Askari wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mara ya tatu walimvua viatu, akarudi peku kwenye theluji. Vidole vinne vya miguu vilivyokufa kwa baridi tulimkata kwa mkasi wa manyoya ya kondoo.

Kijijini wakamwita Mzee Ni-Lako. "Mzee Ni-Lako, punda huyu wa nani?" Nami siku moja nilicheka. Alinisikia.

Basi ndiyo, ulitolewa. Kwa adabu tu.

Alipokuwa anakufa, Khalifa huyu huyu, enzi hizo kijana, alisifu blanketi ulilofuma. Baba akalikumbatia: "Si lako! La binti yangu!" Watu wakainamisha vichwa kwa aibu. Hayo yakawa maneno yake ya mwisho.

Nakuletea hilo blanketi kwa mkono wa Qurbon muuza chumvi. Nimemwonya, mlinzi wa mpaka akilisifu, afunge mdomo.

Nisalimie mwanao Shambe, na mkamwana Zaibo. Mungu awafiche wajukuu wako, asiwasifu mtu.

Dada yako akupendaye,
Sadbarg

Khalifa ananiambia nibonyeze dole gumba hapa. Sibonyezi.