Kisanduku Kilichochomolewa

Dada yangu mpenzi,

Basi kama nilivyokuwa nakuambia kabla simu haijakatika, ndoa ni tamu! Miezi miwili sasa, na mume wangu akirudi kutoka maabara bado moyo unanidunda.

Ametengeneza kisanduku chenye antena nne. Kinapokea mawimbi ya simu na kuyarusha mbele, yafike hata pale ukuta unapoyazuia. Jumanne Profesa wake alikuja kukipima hapa nyumbani. Kisanduku kiliwekwa koridoni, mimi nikaachwa nikilinde, naye akajifungia chumba cha mwisho na vipimo vyake. Na kwa ujinga wangu, dada, nilikichomoa ili nichaji simu!

Jioni niliungama huku nalia. Mume wangu akanionyesha ripoti ya Profesa: kisanduku kimeongeza nguvu ya mawimbi mara tatu.

Mara tatu, kikiwa kimezimwa! Bwana mzima, digrii nne ukutani, miwani mbili shingoni, anapika namba kama muuza dawa za uongo. Debe tupu kweli haliachi kuvuma.

Jana akamwita mume wangu atie sahihi kwenye ripoti hiyo, ingawa alishamwambia kisanduku kilikuwa kimezimwa. "Tia, kijana, usijifanye malaika."

"Shikamoo yangu utaipata, Profesa. Sahihi yangu hapana."

Nilimbusu mpaka akakosa pumzi! Kisanduku tutakipima wenyewe, kikiwa kimewashwa.

Nyumba hii ni ya chuo, lakini. Kwa hiyo fagia kile chumba cha nyuma. Kabla mwezi haujaisha tutakuja kukutembelea, na safari hii tutakuja na kitanda.

Mdogo wako,
mke wa mtu