Hatua za Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uwagawie wifi na watoto kabla hazijapoa. Je, kifua cha wifi kimepona? Na yule wa mwisho bado anakula chaki? Mwambie shangazi yake naye alikula chaki sana, ndiyo maana akaishia kufanya kazi chuo kikuu. Sisi huku tupo. Shangazi yetu mgongo unamsumbua, lakini mdomo ni mzima, na mdomo wake ukiwa mzima ujue nyumba ina uhai. Baba anakusalimu. Habari zake nitakupa kwa utaratibu, usiruke mistari kukimbilia mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule.

Najua umeshangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ningesikia sauti yako, nami ningesema tena yale ninayosema kila Jumapili, kwamba huku ni shwari. Nimeona bora niandike. Barua nimempa jirani yetu dereva wa lori la mbao, yule mwenye mwanya, kwa sababu anapita kwenu na hana tabia ya kufungua vya watu.

Kazi yangu unaijua, ingawa hujawahi kuielewa. Chuo kina wafadhili na kina majirani, na ofisi yetu inakaa katikati. Asubuhi tunakunywa chai na wenye makampuni, mchana tunakwenda kuzungumza na wakazi. Mtaani wananiita Balozi. Siku ya usaili Mkurugenzi alisema waziwazi kwamba ananichukua kwa sababu nimezaliwa nyuma ya ukuta wa chuo, na mlango unaomfungia mgeni humfungukia mtoto wa nyumbani. Nilijiona nimepaa. Leo maneno yale yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Utakumbuka nilikueleza habari za zulia la Profesa. Profesa ni mama mmoja mpole wa idara ya tiba ya viungo, ambaye mama yake mzazi alianguka bafuni na hakuinuka tena, na tangu hapo hana wazo jingine ila wazee wasianguke. Akabuni zulia jembamba lenye nyaya ndani, la kutandika koridoni, kati ya chumba cha kulala na choo. Mzee akipita, zulia linahisi uzito wake na mwendo wake, na kupeleka habari chuoni. Mwendo wa mtu mwingine linautambua na kuutupa. Mzee akianza kulegea, linajua kabla yeye mwenyewe hajajua. Fedha za kazi hiyo zilitoka kwa kampuni ya ujenzi, ileile inayotujengea maabara mpya. Walisema wanataka kujifunza namna ya kujenga nyumba zinazowafaa wazee. Nani angekataa?

Wazee walikataa, Kaka. Walisema hawataki kitu kinachowapeleleza wakienda haja. Basi nikatumwa mimi. Niliingia nyumba hadi nyumba, nikavua viatu, nikalikanyaga zulia mbele yao ili waone haling'ati. Bibi fundi cherehani wa pale kwenye kona alicheka, akasema kama mtoto wa refa amelikanyaga, maana Baba bado wanamwita refa, na yeye atalikanyaga. Mwalimu mstaafu naye akakubali. Baba ndiye alikuwa wa mwisho, na alikubali ili nisiaibike kazini.

Upande wa kampuni anakuja mtu mmoja ambaye mtaa umembandika jina la Bwana Pole. Ni mtu wa heshima, shati limenyooka, sauti ya chini. Anampa pole kila mtu, hata aliyeinuka tu kwenye kiti. Siku moja, tukiwa kwenye chai ya kikao cha ushirikiano, alinisogelea na kunipa pole kwa ajili ya Mwalimu, kwamba wiki ile haamki vizuri. Nilimwambia Mwalimu ni mzima, nilimsikia akimfokea muuza maji. Akatabasamu, akaongeza sukari. Jioni nikapita kwa Mwalimu. Nilimkuta kitandani, ameshika ukuta, na hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata jirani wa mlango wa pili.

Hapo ndipo nilipoanza kuunganisha mambo. Bwana Pole alikuwa ameshawapigia watoto wa Mwalimu, walio mbali kama ulivyo mbali wewe. Hakuwadanganya hata neno moja. Aliwaambia mzee wao amedhoofika, usiku anatoka mara nyingi na miguu inaburuta, si salama aishi peke yake, na kwamba kampuni inaweza kuinunua nyumba upesi ili wapate cha kumtunzia. Ukiambiwa hivyo na mtu mwenye sauti ya huruma, nawe uko mbali na unajilaumu kwa kuwa mbali, utafanya nini? Walikuja kumchukua na godoro lake. Mwalimu alifia katika chumba ambacho hata swichi ya taa hakujua iko wapi. Bibi fundi cherehani wanawe walimhamisha vivyo hivyo, na cherehani yake niliiona kwenye kifusi, gurudumu limepinda. Mtaa wetu sasa ni kibogoyo, nyumba mbili zimesimama, pengo, nyumba moja, pengo.

Nilimwendea Mkurugenzi. Alinisikiliza vizuri, kalamu mkononi, kisha akasema mkataba unampa mshirika haki ya kuona matokeo, tena majina hayaandikwi, zinaandikwa namba za nyumba tu. Nikamuuliza kama kuna mtaa duniani ambao mtu akipewa namba ya nyumba hamjui mwenye nyumba. Akaniambia nisitukane wakunga na uzazi ungalipo, akanyoosha kidole dirishani, kwenye jengo la maabara lililofika ghorofa ya mwisho. Profesa nilipomwambia alilia. Alisema atauliza. Bado anauliza.

Utasema tungeling'oa zulia tu. Mzee mmoja wa ng'ambo ya barabara alilikunja akalitia uvunguni, na wiki ileile Bwana Pole akawapigia wanawe kuwaambia nyumba ya baba yao imekaa kimya, huenda kuna jambo. Kwa yule mtu hata ukimya ni habari.

Sasa, Kaka, kaa chini kama umesimama.

Mvua zilipoanza, Baba aliteleza uani akitoa nguo kambani. Kule nje hakuna zulia, kwa hiyo chuo hakikujua. Nyonga ilivunjika. Daktari wa zahanati alisema kwa umri ule na moyo ule hawezi kupasuliwa, tumtunze tu. Tangu siku hiyo Baba hajasimama. Zile Jumapili nilizokuambia ametoka kidogo kunyoosha miguu, alikuwa kitandani, ananisikiliza ninavyokudanganya. Nilihamia kwake na Shangazi akaja kunisaidia.

Na koridoni ninatembea mimi.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kila jioni nikirudi, ninajaza ndoo maji hadi uzito wangu ufikie wa Baba, kisha napita juu ya lile zulia kwenda chooni na kurudi. Baba ndiye aliyenifundisha. Unamjua, urefa haujamtoka hata alale. Ile filimbi yake ameitundika kwenye nguzo ya kitanda, na nikikosea anaipuliza. Mara ya kwanza alinipa kadi ya njano, akasema natembea kama mtu anayewahi ofa ya sabuni. Akaniambia mguu wa kushoto niuburute kidogo, na nikifika kwenye picha ya Mama nisimame, kwa sababu yeye hajawahi kuipita bila kumwamkia. Basi nasimama. Na mimi namwamkia. Shangazi amekataa katakata kunipokea ndoo hata siku ninayoumwa. Anasema hawezi kuuigiza mwili wa kaka yake naye yu hai, kwamba ni kumwita mtu asiyetakiwa kuitwa. Nilimcheka. Siku hizi simcheki.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia wewe. Kwa sababu nakujua. Una moyo wa huruma, nawe uko mbali, na Bwana Pole ana namba yako. Baba aliniomba kitu kimoja tu, afie kwenye chumba chake, upande wa dirisha, awasikie watoto wakicheza mpira barabarani na kuwakosoa. Niliogopa ungekuja na huruma yako na gari la kuhamishia. Nisamehe. Nilikupanga kundi moja na wale watoto wa Mwalimu, na sikuwa na haki hiyo.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika ukutani. Juzi Mkurugenzi aliniita akiwa amejaa furaha. Alisema matokeo ya Baba ndiyo bora kuliko ya wazee wote, kwamba ndiye pekee ambaye mwendo wake umeimarika. Jumamosi hii ni Siku ya Chuo na Majirani. Maabara inafunguliwa, wafanyabiashara wote watakuwepo, na wanataka Baba apande jukwaani, atembee mbele ya wageni, apigiwe makofi. Gari la kampuni litamfuata nyumbani. Nilipotoka, Bwana Pole alikuwa koridoni ananisubiri. Kwa mara ya kwanza hakunipa pole, alinipa hongera. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini, mzee husimama kutazama nini kila siku katikati ya koridoni. Nikasema sijui. Akasema ameshakupigia kukupa habari njema za baba yako, ili usiwe na wasiwasi.

Ndipo nikaelewa ujumbe wako wa wiki iliyopita, kwamba kwa kuwa mzee ana nguvu, safari umeisogeza hadi mwisho wa mwaka. Nilidhani ninamdanganya mtu mmoja mbaya, kumbe hatua zangu zilitoka hapa koridoni, zikapita chuoni, zikapita kwa kampuni, zikaja kukuzuia wewe kwenu. Baba anakuulizia kila siku. Hasemi jina lako, anauliza tu kama lori la mbao limesharudi.

Jumamosi gari likija, litanichukua mimi. Nitapanda jukwaani na ndoo yangu, nitatembea kama Baba mbele ya wageni wote, kisha nitawaambia ni nani aliyekuwa akitembea na kwa nini. Kazi itakwenda, na iende. Jioni yake Bwana Pole atakupigia, tena na pole zote, na safari hii atakachokuambia kuhusu Baba kitakuwa kweli. Kwa hiyo nataka ukisikie kwangu kwanza, na nataka simu hiyo uipokee ukiwa umekaa kando ya kitanda chake. Usimjibu lolote mpaka umemsikia Baba mwenyewe.

Njoo, Kaka. Usingoje ruhusa ya kazini, usingoje watoto wafunge shule. Leo asubuhi nilitembea, nikamwamkia Mama, na kwa makusudi sikuuburuta mguu, ili nimchokoze. Filimbi haikulia. Nikaitua ndoo, nikakimbilia chumbani. Alikuwa nayo mdomoni, anaipuliza, na pumzi haikutosha kutoa sauti. Alipoitoa alinionyesha saa ya ukutani, akanong'ona nikuambie kwamba sasa tunacheza dakika za nyongeza, na dakika hizo anazijua refa peke yake.

Wasalimie wote nyumbani kwako. Shangazi anasema uje na sweta, na asisikie umepitia hotelini. Mwenye mwanya anaondoka saa hii, injini inanguruma mlangoni, naishia hapa.

Mimi mdogo wako,
Balozi